Parsele yako itatikisika kiasi gani? Ninavyopiga hesabu ya tetemeko Bukavu kabla ya kuchora nguzo

Mzee mmoja aliniletea plani ya shule ya R+2, yaani ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Parsele iko Panzi, hapa Bukavu, kwenye mteremko, msingi haujachimbwa bado. Akakaa, akakataa chai, akauliza: "Mama enjenia, mimi nataka neno moja tu. Hii shule itastahimili tetemeko la ngapi? La sita? La saba?"

Nikamwambia, Papa, swali hilo halina jibu. Tetemeko la Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008 lilikuwa la 5.9, na lilipiga kilomita kama 20 kaskazini mwa mji. Mimi nilikuwa misani Kadutu, saa tatu na nusu asubuhi. Vumbi likatushukia kutoka darini, tukatoka mbio tukikanyagana. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, walikufa watu zaidi ya 30, wengine kanisa liliwaangukia wakisali. Sasa rudi nyuma kidogo: tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitikiswa na tetemeko la 6.8. Kwa nguvu iliyotoka ardhini, hilo lilikuwa zaidi ya mara 20 ya letu la 2008. Lakini lilipiga karibu kilomita 400 kusini mwetu, kwa hiyo maumivu yalikuwa ya watu wa Kalemie, sisi tulitikiswa tu kidogo. Lenye namba ndogo ndilo lililotuumiza.

Mwenye parsele anatakiwa kuuliza hivi: ardhi iliyo chini ya jengo langu itatikisika kwa kiasi gani, na kuna uwezekano gani hilo litokee jengo likiwa bado limesimama? Swali hilo lina jibu. Linapatikana kwa kompyuta ya kawaida, programu ya bure, nyundo kubwa, na uvumilivu wa wiki mbili. Nawaandikia maenjenia vijana wa hapa, hasa wale ambao bado wananakili namba kutoka plani ya mtu mwingine.

Daftari kwanza

Anza na orodha ya matetemeko yaliyokwisha kutokea. Mimi huchora duara la kilomita 300 kutoka kwenye parsele, nikakusanya kila kilichoandikwa humo. Idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, inatoa orodha yake bure kwenye intaneti. Kituo cha kimataifa cha ISC kilicho Uingereza kinatoa nyingine, na ile iitwayo ISC-GEM inarudi hadi 1904 kwa matetemeko makubwa. Kisha tuna ya nyumbani: kituo cha utafiti cha Lwiro, kaskazini mwa mji, wamekuwa wakipima tangu miaka ya 1950, na Goma kuna OVG, waangalizi wa volkeno. Nenda ukawaone. Mashine za mbali hazisikii mitetemo midogo ambayo za Lwiro zinaisikia.

Ukishakusanya, usipige hesabu yoyote. Daftari hilo ni chafu. Tetemeko moja limeandikwa mara tatu, kila kituo na saa yake inayopishana kwa sekunde chache na mahali panapopishana kwa kilomita kumi. Ukubwa nao umepimwa kwa mizani tofauti, huyu ameandika mb, yule Ms, yule Mw. Vigeuze vyote kuwa Mw kwa fomula zilizochapishwa, la sivyo utakuwa unajumlisha kilo na debe.

Halafu ondoa watoto. Tetemeko kubwa huzaa madogo yanayolifuata wiki na miezi. Baada ya 3 Februari 2008 tulilala nje, na tarehe 14 likaja jingine la zaidi ya 5. Hayo ni ya ukoo mmoja. Hesabu ya uwezekano ninayokuja kueleza inahitaji matetemeko yasiyojuana, kwa hiyo unabaki na mama, watoto unawafuta. Njia ya Gardner na Knopoff ya 1974 bado inatumika sana: kwa tetemeko la 6 unafuta madogo yaliyo ndani ya kilomita 54 hivi na siku 510 hivi. Ni panga butu, lakini linakata.

Wa Goma, ninyi mna kazi ya ziada. Mei 2021, volkeno ya Nyiragongo ilipotoka, ardhi ilitetemeka siku kadhaa mfululizo, na nyufa zikapita katikati ya mji. Ile mitetemo ya volkeno haiji kwa mpangilio wa matetemeko ya kawaida. Itenge, uishughulikie peke yake. Ukiichanganya, utapata mji unaotetemeka kila saa kwa vitu vidogo, na hesabu ya makubwa itakudanganya.

Usiku nilioogopa bure

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoangukia mimi.

Matetemeko madogo ni mengi, makubwa ni machache, na uwiano wake una utaratibu wa ajabu: kila ukipanda hatua moja ya ukubwa, idadi inapungua karibu mara kumi. Hiyo ndiyo sheria ya Gutenberg na Richter, na kasi ya kupungua inaitwa b. Ikiwa b ni 1, inapungua mara kumi kamili. Kuipata b hakuhitaji programu:

b = 0.4343 ÷ (wastani wa ukubwa − (kizingiti − 0.05))

Kizingiti ni ule ukubwa ambao una hakika kwamba kila tetemeko linaloufikia liliandikwa. Ile 0.05 ni kwa sababu ukubwa huandikwa kwa hatua za 0.1.

Mara yangu ya kwanza niliweka kizingiti 4.0. Sikuwa na sababu, namba ilikuwa nzuri machoni. Wastani ukatoka 4.7, na b ikawa 0.4343 ÷ 0.75, yaani 0.58. Nikaendelea. Nilikuwa nafanya zoezi la eneo linalotoa tetemeko la 5 au zaidi mara moja kila miaka mitano. Kwa b ya 0.58, eneo hilo hilo linatoa tetemeko la 7 kila miaka 72. Ilikuwa saa sita usiku, umeme umekatika, betri ya kompyuta iko mwishoni, na mbele yangu karatasi inasema kwamba mama yangu aliyelala chumba cha pili huenda akaliona tetemeko la 7. Sikulala.

Asubuhi nikachora idadi ya matetemeko mwaka kwa mwaka. Ya ukubwa wa 4 hadi 4.4 hayakuwepo kabisa miaka ya zamani, yakaanza kuonekana kidogo kidogo, kisha yakawa mengi. Ardhi haikubadilika, vituo vya kupimia ndivyo viliongezeka. Nilikuwa nahesabu uchache wa mashine nikidhani ni uchache wa matetemeko. Nikapandisha kizingiti hadi 4.5 na kukata miaka ya mwanzo; wastani ukawa 4.90, na b ikawa 0.4343 ÷ 0.45, yaani 0.97. Tetemeko la 7 likarudi kwenye karne nne na kidogo badala ya miaka 72.

Kwa hiyo kabla ya kugusa fomula, chora mchoro huo. Gawa ukubwa katika makundi, tazama kila kundi linaanza kuandikwa kikamilifu mwaka gani, na lipe kila kundi miaka yake. Na hata ukishapata b nzuri, ijaribu kwa kuisogeza kidogo. Kwa eneo lile lile la zoezi, b ya 1.0 inaleta tetemeko la 7 kila miaka 500; b ya 0.9 inalileta kila miaka 315. Tofauti ya sehemu moja ya kumi, na karibu karne mbili zimeondoka.

Kugawa ardhi

Hili ni fupi. Chora maeneo kwenye ramani, kila eneo likiwa na tabia yake: bonde la Kivu kutoka Kabare na Kalehe hadi Idjwi, bonde la Ruzizi kuelekea Tanganyika, Virunga na volkeno zake, na juu huko Ziwa Edward na Ruwenzori. Usifuate mipaka ya nchi. Bonde la Ufa linapanuka hapa kwetu milimita mbili tatu kwa mwaka, na halina pasipoti.

Kila eneo lipe ukubwa wa mwisho, yaani ukubwa ambao hutegemei tetemeko lolote la hapo liupite. Kubwa la karibu nasi katika kumbukumbu za watu wa umri wangu ni la Kalehe la tarehe 24 Oktoba 2002, ukubwa 6.2. Vijana wengi huandika 6.2 wakaona wamemaliza. Miaka ishirini na kidogo ni punje. Tazama urefu wa mipasuko: kwa kanuni mashuhuri ya 1994, mpasuko wa kilomita 40 ukikatika wote unatoa karibu 7, na mipasuko yetu mingine iko chini ya maji ya ziwa lenye kina cha mita 485, haionekani ukipita kwa mtumbwi. Kwenye Bonde la Ufa lenyewe, Rukwa ilitoa zaidi ya 7 mwaka 1910, na Sudan Kusini tena mwaka 1990. Mimi siendi chini ya 7.

Kutoka ukubwa hadi mtikisiko

Sasa unahitaji fomula inayosema: tetemeko la ukubwa huu, kwa umbali huu, linatikisa mwamba kwa mchapuko gani. Tunaupima kwa g, yaani sehemu ya nguvu ya uvutano wa dunia. Ubaya ni kwamba fomula hizo zimetengenezwa kwa vipimo vya California, Uturuki, Japani, Italia. Hapa kwetu rekodi za mitikisiko mikali iliyopimwa karibu na chanzo ni chache mno.

Kwa hiyo tunaazima, na anayeazima asiazime kwa jirani mmoja. Chukua fomula mbili tatu za nchi zenye mipasuko hai, ongeza moja ya ardhi ngumu na tulivu, kwa sababu miamba ya upande huu wa Afrika ni ya kale na baridi kuliko ya California. Zipe kila moja uzito wake. Fomula moja 0.4, nyingine 0.3, nyingine 0.3, kisha andika kwa maneno kwa nini. Nimeona ripoti ambapo uzito umepangwa vizuri sana na sababu haipo hata mstari mmoja.

Na usitupe msambao. Kila fomula inatoa wastani na upana wa makosa yake. Upana wa 0.6 kwa logariti asili maana yake mtikisiko halisi unaweza kwa urahisi kuwa mara 1.8 ya wastani, au chini kwa kiasi hicho. Anayechukua wastani peke yake amejenga shule ya kustahimili tetemeko lenye adabu.

Kujumlisha yote hayo, yaani kila eneo, kila ukubwa, kila umbali, kila fomula, ni kazi ya programu. Natumia OpenQuake, iliyotengenezwa na taasisi ya GEM huko Pavia, Italia. Ni bure. Hesabu ya parsele moja haichoshi kompyuta ya kawaida; hakikisha tu betri imejaa kabla ya kubonyeza.

Inakutolea mchoro unaoshuka: mchapuko huku, uwezekano wa kuupita kila mwaka kule. Kanuni nyingi za ujenzi, Eurocode 8 ya Ulaya ikiwemo, zinachukua mchapuko wenye uwezekano wa asilimia 10 wa kupitwa katika miaka 50. Wanauita wa miaka 475, na jina hilo limewapotosha wengi. Mzee wangu alicheka: "Miaka 475? Wajukuu wa wajukuu zangu watakuwa wamehama." Nikamwambia, Papa, fikiria gunia lenye karanga 475, moja ndiyo mbovu. Kila mwaka unachomoa moja, unaitazama, unairudisha. Hiyo mbovu unaweza kuitoa mwaka huu, na mwakani ukaitoa tena. Ukichomoa mara 50, uwezekano wa kuigusa ni mmoja kwa kumi. Hakucheka tena. Akaniuliza watoto wangapi wataingia kwenye hiyo shule kila asubuhi, kana kwamba mimi ndiye ninayejua.

Ukipata namba yako, ilinganishe na za wengine kabla ya kujisifu. Utafiti wa Kongo nzima uliochapishwa 2009 uliweka bonde la Tanganyika juu kabisa, kwa zaidi ya 0.16 g katika asilimia 10 kwa miaka 50, na zaidi ya 0.32 g katika asilimia 2. Kama yako ya Bukavu inatoka 0.6 g au 0.02 g, rudi kwenye daftari. Kosa liko humo.

Nyundo

Namba hiyo ni ya mwamba mgumu. Bukavu wangapi wamejenga juu ya mwamba mgumu? Basalti yetu imeoza kwa maelfu ya miaka ikawa udongo mwekundu, mahali pengine mita mbili, pengine zaidi ya kumi, na huwezi kujua kwa kutazama.

Kwa hiyo tulikwenda Panzi na nyundo ya kilo nane, bamba la chuma, na jiofoni 24, vile vidude vya kusikia mtikisiko wa ardhi, zilizopangwa kwenye mstari. Mmoja anapiga bamba, mawimbi yanapita ardhini, kompyuta inaandika yalifika lini. Watoto wa jirani walikaa kwenye ukuta wakihesabu mapigo kwa sauti, na kila walipohesabu huku wakipiga miguu hatukuweza kusoma chochote. Tukawaomba wakae kimya pigo moja kwa moja. Wakakubali, wakageuza mchezo.

Tunachotafuta ni kasi ya mawimbi ya mkato katika mita 30 za juu. Si wastani wa kawaida: unagawa 30 kwa jumla ya muda ambao wimbi linatumia katika kila tabaka. Upande wa juu wa parsele tulipata mita 6 za udongo mwekundu zenye kasi ya 180 kwa sekunde, mita 9 za mwamba uliooza zenye 320, na basalti ya 900 chini. Muda: 0.0333 + 0.0281 + 0.0167. Kasi ni 384, daraja B la Eurocode 8, linaloanzia 360. Upande wa chini, hatua 30 tu kutoka hapo, udongo ulikuwa mita 8, mwamba uliooza mita 10, basalti 12. Kasi ikawa 337, daraja C.

Parsele moja, madaraja mawili. Sikuchukua katikati. Nilichukua C kwa jengo lote, kwa sababu katika C eneo la mtikisiko wa juu linaenea hadi majengo yenye mdundo, yaani muda wa kuyumba kwenda na kurudi, wa sekunde 0.6, wakati B linaishia 0.5.

Na kuna jambo ambalo kwa mji wa milima kama huu linapaswa kutangulia hata nyundo: je, mteremko wenyewe umesimama? Mnajua mtaa wa Funu unavyoteleza. Kama ardhi inateleza taratibu hata bila tetemeko, hakuna hesabu ya g itakayoiokoa shule hiyo. Ukiwa karibu na ukingo wa juu wa mteremko mkali, ongeza mara 1.2, juu ya mgongo mwembamba wenye miteremko ya zaidi ya nyuzi 30, mara 1.4. Sisi tulikuwa katikati ya mteremko mpole, chini ya nyuzi 15, tukaacha.

Karatasi moja

Nitatumia 0.15 g kwa mwamba, namba ya mfano, usiinakili. Ni shule, kwa hiyo zidisha 1.2 kwa umuhimu wake: 0.18. Udongo C, zidisha 1.15: 0.207. Jengo la mita 10.5 la fremu za zege lina mdundo wa 0.075 × 10.5 iliyopandishwa kwa robo tatu, yaani sekunde 0.44. Hilo liko ndani kabisa ya eneo la juu, kwa hiyo zidisha 2.5: 0.52 g. Kwa maneno mengine, jengo lisilojikunja litasukumwa kando kwa nusu ya uzito wake.

Hapo ndipo kanuni inakuruhusu kugawa, ikiwa jengo lako linaweza kujikunja bila kukatika. Ukigawa kwa 3, na kuzidisha 0.85 inayoruhusiwa kwa jengo la ghorofa zaidi ya mbili kama hili, shule ya tani 600 inasukumwa na tani 88. Ukiruhusiwa kugawa kwa 1.5 tu, ni tani 176. Tofauti hiyo ya tani 88 hainunuliwi kwa simenti. Inanunuliwa kwa etriye, vile vipete vya chuma vinavyofunga nondo za nguzo. Karibu na kila kiungo, kwa nondo za milimita 14, etriye zisiachane zaidi ya mara nane ya unene wa nondo, yaani milimita 112. Mimi naandika 10 cm. Na ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya zege, nyuzi 135. Mkunjo wa nyuzi 90 ule tuliouzoea unafunguka zege la nje likipukutika.

Fundi wetu ni mtu mzima, amejenga nusu ya mtaa wake. Siku ya kwanza nilikuta etriye za 20 cm kutoka chini hadi juu. Sikumwonyesha mchoro wa OpenQuake. Nilikata kijiti cha mwanzi sentimita kumi kamili, nikamwambia: "Papa fundi, hiki kisipite katikati ya etriye mbili hapa chini na hapa juu. Kikipita, tunafumua." Akakigeuza mkononi, akakipima kwa rula yake mwenyewe kuona kama sikumpunja.

"Nguzo ngapi?" akauliza.

"Ishirini na nne, kila ghorofa."

Akamwita msaidizi wake amletee koleo ya kukunjia, wakaanza kufumua ya kwanza.